Kuaminika kwa Pikipiki na Uaminifu wa Wenyewe

Katika biashara ya vyombo vya moto kuna mambo mawili ambayo aghalabu hutajwa pamoja, na kwa kuwa hutajwa pamoja, watu wengi huyadhania kuwa ni jambo moja. La kwanza ni kule chombo kuweza kufanya kazi yake siku zote bila ya kuharibika. La pili ni kule mwenye chombo kushikamana na chapa moja, hata akitaka kununua kingine hununua cha chapa ile ile. Ziko lugha zenye maneno mawili yasiyohusiana kwa mambo hayo. Kiswahili huyatoa yote mawili katika shina moja, yaani -amini: pikipiki huaminika, na mwenye pikipiki huwa mwaminifu. Ujamaa huo wa maneno una faida yake na una hatari yake. Makusudi ya makala haya ni kueleza, kwa mifano ya pikipiki, pale mambo hayo yanapokutana na pale yanapoachana, ili ijulikane pia namna ya kuyataja kila moja kwa jina lake.

MANENO YENYEWE

Shina -amini limetoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili limezaa ukoo mkubwa. Mtu humwamini mwenzake. Neno lisilo na shaka huaminika. Mwenye tabia ya kutunza alichokabidhiwa huitwa mwaminifu, na tabia yake ni uaminifu. Kilichomo moyoni ni imani. Na kitu kilichowekwa kwa mtu ili akitunze mpaka kitakapodaiwa ni amana. Imani na amana ni maneno yaliyoingia yakiwa yamekwisha kuumbwa katika Kiarabu. Lakini -aminika na -aminifu yamefinyangwa kwa viambishi vya Kibantu, na tofauti ya viambishi hivyo ndiyo ifaayo kuangaliwa hapa.

Kiambishi -ika huonyesha hali ya kitu, au uwezekano wa kitu kutendwa, wala hakimtaji mtenda. Mlango hufungika, maandishi husomeka, pikipiki huaminika. Katika yote hayo haisemwi kwamba mlango au pikipiki ina nia. Kiambishi -fu, pamoja na mwenziwe -vu, hufanya kazi nyingine. Katika maneno kama -vumilivu, -danganyifu, -angalifu na -aminifu, humweleza mtu kwa tabia iliyokaa ndani yake. Kwa hiyo kusema “pikipiki hii yaaminika” ni usemi wa kawaida, na kusema “fundi huyu ni mwaminifu” ni usemi wa kawaida. Bali kusema “pikipiki yangu ni aminifu” ni lugha ya mapenzi. Msemaji ameipa pikipiki tabia ya kiutu. Wenye pikipiki duniani kote husema hivyo, kila watu kwa lugha yao, na hapo ndipo mchanganyiko unapoanza.

KUAMINIKA KWA MTAMBO

Kwa mafundi, kuaminika si sifa ya jumla. Ni uwezekano kwamba mtambo utafanya kazi iliyokusudiwa, kwa muda uliowekwa, katika hali zilizotajwa. Ukiondoa sharti moja katika hayo, maneno yaliyobaki hayana maana. Pikipiki iliyoundwa kumbeba mtu mmoja katika barabara ya lami, ikipewa abiria wawili na gunia la mahindi katika njia ya vumbi, haikutolewa tena katika hali zilizotajwa. Wala kuharibika kwake hakuthibitishi ubovu wa aliyeiunda.

Zaidi ya hayo, mtambo una umri kama kiumbe. Utotoni mwake hutokea kasoro za kiwandani: nati haikukazwa sawasawa, waya umechunwa, gasketi haikukaa mahali pake. Kasoro hizo zikisharekebishwa huja ujana, kipindi kirefu ambacho maharibiko ni machache na huja kwa bahati tu. Mwisho ni uzee: ringi za pistoni zimelika, beringi zina mchezo, cheni imenyooka, na maharibiko huongezeka mwaka hata mwaka. Basi mtu anayeisifu pikipiki yake ya miaka miwili na mwingine anayeilaumu yake ya miaka kumi hawazungumzi jambo moja, hata kama chapa ni moja.

Tena kuna matunzo. Oili isiyobadilishwa kwa wakati huua injini ya chapa yoyote, na chujio la hewa lililojaa vumbi halitazami jina lililoandikwa juu ya tangi. Sehemu kubwa ya kuaminika kwa pikipiki imo mikononi mwa mwenyewe na fundi wake, ijapokuwa sifa yote au lawama yote hupewa kiwanda.

USHUHUDA WA HESABU

Mfano bora wa kuachana kwa mambo haya mawili umetoka Marekani. Mwaka 2015 Consumer Reports, gazeti linalochunguza bidhaa kwa faida ya wanunuzi, lilitangaza matokeo ya maswali yaliyojibiwa na wasomaji wake juu ya pikipiki zaidi ya 12,000 zilizonunuliwa kati ya mwaka 2008 na 2014. Ilikadiriwa ni pikipiki ngapi katika kila 100 zingekuwa zimepata haribiko kubwa kufikia mwaka wa nne. Za Yamaha zilikuwa 11, za Suzuki na Honda 12, na za Kawasaki 15. Hizo nne ni kampuni za Japani. Victory ya Marekani ilipata 17, Harley-Davidson 26, Triumph ya Uingereza 29, Ducati ya Italia 33, na BMW ya Ujerumani 40.

Wasomaji wale wale waliulizwa pia kama wangenunua tena pikipiki ya namna ile ile. Kama uaminifu ungekuwa kivuli cha kuaminika, orodha ya pili ingefuata ya kwanza. Haikufuata. Waliotangulia walikuwa wenye Victory, 80 katika kila 100. Wakafuata wenye Harley-Davidson, 72. Kisha wenye Honda, 70. Yaani watu ambao vyombo vyao viliharibika mara mbili zaidi ya vya Honda walikuwa tayari kurudia chapa yao kwa kiasi kile kile, au kupita kidogo.

Hesabu hizo hazina budi kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, anayejibu ni mwenye chombo, na kila mtu ana kipimo chake cha “haribiko kubwa”. Pili, aliyechukizwa mapema akaiuza pikipiki yake hayumo tena miongoni mwa wanaoulizwa. Waliobaki ni wale waliovumilia. Tatu, pikipiki kubwa za safari, ambazo BMW husifika kwazo, zina vifaa vingi vya umeme na vya kielektroniki, na penye vifaa vingi pana vingi vya kuharibika. Hata hivyo, tofauti ya 11 na 40 ni kubwa mno kufutwa na sababu hizo peke yake, na swali la msingi labaki: kwa nini mtu airudie chapa iliyomlaza njiani?

SABABU ZA UAMINIFU

Jibu la haraka ni la methali: akipenda, chongo huita kengeza. Lakini mapenzi nayo yana sababu, na yafaa zitajwe.

Ya kwanza ni kazi ambayo pikipiki imenunuliwa kuifanya. Kwa Wamarekani wengi pikipiki si chombo cha kuendea kazini bali ni cha starehe ya mwisho wa juma. Ikiharibika, mwenyewe ana gari nyumbani. Hasara yake ni siku moja ya starehe. Ya pili ni jamaa. Mwaka 1983 kampuni ya Harley-Davidson iliunda chama cha wenye pikipiki zake, chenye matawi, safari za pamoja na nembo za kushonwa juu ya koti. Aliyejiunga hununua pikipiki na ndugu pamoja, na kuiacha chapa ni kuwaacha ndugu. Ya tatu ni sauti na sura. Ngurumo ya injini ya silinda mbili zilizopangwa mfano wa herufi V haipatikani kwa kuhesabu maharibiko. Ya nne ni ufundi wa mwenyewe: aliyekwisha kuifungua injini kwa mikono yake na kuifunga tena ikawaka, huiona kuwa sehemu ya maarifa yake, naye haachi maarifa yake kwa urahisi.

Sababu hizo zaeleza jinsi kampuni hiyo, iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1903, ilivyookoka. Mwaka 1969 iliingia mikononi mwa AMF, kampuni kubwa yenye biashara za namna nyingi. Utengenezaji uliongezwa haraka, na ubora ukashuka. Pikipiki mpya zilijulikana kwa kuvuja oili. Wakati huo huo pikipiki za Japani, zisizovuja na zenye bei nafuu, zilikuwa zikijaa nchini. Mwaka 1981 wakubwa 13 wa Harley-Davidson waliinunua kampuni kutoka kwa AMF. Mwaka 1983 serikali ya Marekani ilipandisha sana ushuru wa pikipiki kubwa zilizotoka nje, zenye injini ya zaidi ya sentimita 700 za ujazo, kwa muda wa miaka mitano.

Lakini kilichofanyika ndani ya kiwanda ndicho kilichokuwa na uzito zaidi. Wakuu wake walikwenda kutazama kiwanda cha Honda kilichokuwa Marysville katika jimbo la Ohio, wakajifunza namna ya kupunguza akiba ya vipuri, kupima kila hatua ya kazi, na kuwasikiliza wafanyakazi. Mwaka 1984 ilitoka injini mpya, Evolution, isiyovuja kama zilizoitangulia. Mwaka 1987 kampuni yenyewe iliomba ushuru ule uondolewe kabla ya wakati wake. Basi uaminifu wa wenye pikipiki haukuiponya Harley-Davidson. Uliipa muda wa kujiponya. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote.

AMANA INAPOKWISHA

Ili kuona kwamba muda huo una kikomo, yatosha kuitazama Uingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, BSA, Triumph na Norton zilikuwa chapa zenye heshima duniani kote, Afrika ya Mashariki pia ikiwamo, na wenye nazo walikuwa waaminifu kama Mmarekani yeyote. Kuvuja kwa oili kulikuwa jambo la mzaha kati yao, wala si la kuwafanya wahame. Viwanda vilizoea kusamehewa, na mitambo ya kuundia pikipiki ikazeeka bila ya kubadilishwa.

Honda, iliyoanzishwa na Soichiro Honda mwaka 1948, ilitoa Super Cub mwaka 1958, pikipiki ndogo iliyokusudiwa mtu asiyejua ufundi wala kutaka kuujua. Mwaka 2017 idadi ya Super Cub zilizokwisha kuundwa ilifika milioni 100. Waingereza waliiona kuwa ni chombo cha watoto. Mwaka 1969 ikatoka Honda CB750, yenye silinda nne, breki ya sahani mbele, na swichi ya umeme ya kuwashia injini. Hapo mnunuzi kijana, ambaye hakuwa na deni la mapenzi kwa chapa yoyote, aliona kwamba aweza kupata mwendo na kuaminika pamoja. Mwaka 1973 BSA na Triumph ziliunganishwa na Norton katika kampuni moja iliyosaidiwa na serikali, nayo haikudumu. Kiwanda cha Triumph kilichokuwa Meriden kilishikwa na wafanyakazi wenyewe kwa ushirika, kikafungwa mwaka 1983. Triumph zinazoundwa leo zimetokana na kampuni mpya ya Hinckley, iliyoanza kutoa pikipiki zake baada ya mwaka 1990, ikiwa na jina la zamani na injini mpya kabisa.

Mfano wa pili ni mfupi. Victory, ile ambayo wenye nayo 80 katika kila 100 walikuwa tayari kuirudia, ilitangazwa mnamo Januari 2017 kwamba haitaundwa tena. Waaminifu wake walikuwa wengi kwa uwiano, lakini wachache kwa idadi. Kampuni haiishi kwa walio ndani peke yao. Lazima wapya waingie, na mgeni hana imani ya kuanzia ila sifa ya chombo.

Katika mifano hii neno amana ndilo lenye maana iliyo karibu zaidi na ukweli. Mnunuzi huweka kwa kampuni imani yake kama awekaye fedha kwa mtu. Kila pikipiki inayoaminika huiongeza amana hiyo, na kila haribiko huipunguza. Uaminifu ni salio. Kampuni yenye salio kubwa yaweza kukosea mara kadhaa bila ya kuadhirika. Lakini ikilidhania salio hilo kuwa ni mali yake, si amana, siku ya kudaiwa itaikuta mikono mitupu.

MAHALI PIKIPIKI ILIPO UGALI

Katika Afrika ya Mashariki mambo yana sura nyingine, kwa sababu kazi ya pikipiki ni nyingine. Neno bodaboda lasimuliwa kuwa lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, kwa vijana waliovusha watu kwa baiskeli wakinadi safari zao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baiskeli zimepisha pikipiki, na pikipiki zimejaa kutoka Mombasa hata Goma. Nyingi ni ndogo, za sentimita 100 hata 150 za ujazo, zilizoundwa na kampuni za India kama Bajaj na TVS, au na viwanda vya China.

Aghalabu mwenye pikipiki na mwendesha pikipiki si mtu mmoja. Katika Tanzania mwendeshaji humpelekea mwenye chombo fedha za kila siku ziitwazo hesabu. Au huichukua pikipiki kwa mkataba, akalipa kwa muda uliopatanwa mpaka iwe yake. Katika hali hiyo haribiko la siku moja lina maana isiyofanana na ya Mmarekani wa mwisho wa juma. Abiria hawakubebwa, fundi anadai, na hesabu haikusimama. Kijana aliyebakiza miezi miwili ya mkataba, injini ikimfia, huenda akapoteza kazi ya miezi yote iliyopita.

Kwa hiyo uaminifu kwa chapa upo, tena ni mkubwa. Jina Boxer, mathalan, ambalo ni aina ya Bajaj, hutajwa kijiweni kwa heshima. Lakini ukiuchunguza, utaona umejengwa juu ya misingi mingine. Mwendeshaji hasemi kwamba pikipiki haiharibiki. Asema kwamba spea zake zapatikana katika kila duka, kwamba kila fundi wa chini ya mwembe ameizoea, kwamba haili petroli nyingi, na kwamba akitaka kuiuza atapata mnunuzi siku ile ile. Anachokiamini si mtambo peke yake bali ni mtambo pamoja na watu na maduka yanayouzunguka. Pikipiki isiyoharibika ila mara moja kwa mwaka, lakini spea yake yaagizwa kutoka ng’ambo, kwake haiaminiki; na ile inayoharibika kila mwezi ikatengenezwa kwa saa moja yaaminika. Wataalamu wa mitambo hutenganisha kutoharibika na kutengenezeka. Mwendesha bodaboda huyapima pamoja, na kwa kazi yake amepima sawasawa.

JINA LA CHAPA LINAPOKUWA NENO

Limebaki jambo moja la lugha. Chapa ikienea mno, jina lake huweza kuhama kutoka kwa kampuni likawa la kitu chenyewe. Kusini mwa Vietnam jina Honda lilikuwa neno la pikipiki yoyote, na pikipiki ya kubeba abiria ikaitwa Honda ôm. Katika Kiswahili, hasa cha Tanzania, jina Bajaj limepewa irabu ya mwisho, likawa bajaji, neno la ngeli ya N lisilobadilika katika wingi, kwa maana ya gari la magurudumu matatu la abiria. Bajaji iliyoundwa na TVS ni bajaji vile vile, wala msemaji haoni kinyume chochote.

Huenda ikadhaniwa kwamba huo ndio upeo wa uaminifu kwa chapa. Kwa kweli ni mwisho wake. Jina likisha kuwa la kila kitu cha namna hiyo, halimwambii tena mnunuzi ni kiwanda gani cha kuaminiwa. Ulimi umebaki mwaminifu, na mkono u huru kununua popote. Neno pikipiki, ambalo laonekana kuiga mlio wa injini, halikupata kuwa la kampuni yoyote, na pengine ndiyo sababu limedumu wakati chapa zimekuja na kupita.

HITIMISHO

Kutokana na hayo, wafasiri na watunga istilahi wangefanya vyema kutoyachanganya maneno ya ukoo huu. Kuaminika na kutengenezeka, yote yenye -ika, yafaa yawe ya mtambo, kwa kuwa hupimwa kwa hesabu, muda na hali. Uaminifu, wenye -fu, ubaki kwa mtu, kwa kuwa ni tabia, na wenye tabia hiyo aweza kuwa na sababu njema au asiwe nayo. Amana iwe jina la kile kinachoyaunganisha.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Anayemshauri kijana juu ya pikipiki ya kuchukua kwa mkataba, akisema “chapa hii yaaminika” kwa sababu yeye mwenyewe ni mwaminifu kwake, amempa mapenzi yake badala ya ushuhuda. Kijana hatalipa hesabu kwa mapenzi ya mtu mwingine. Maswali yamfaayo ni machache na ni ya wazi: imeharibika mara ngapi, katika njia gani, ikiwa na umri gani, na spea yake ilipatikana baada ya siku ngapi.